Kimya cha Kusikiliza na Kimya cha Woga

Mada kwa viongozi wa walei na wanajumuiya



Wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa kawaida neno hilo tunalitumia kuonyana. Yule anyamazaye, twaambiana, tujihadhari naye, kwani ana jambo moyoni. Leo tunawaalika mlitazame neno hilo kwa upande mwingine, kwa kuwa katika jumuiya zetu na katika halmashauri zetu kuna kimya cha aina mbili. Kipo kimya cha mtu anayesikiliza, aliyeyaweka kando maneno yake ili neno la Mungu na neno la jirani yapate nafasi. Na kipo kimya cha mtu anayeogopa. Huyu neno analo, ila amelimeza kwa sababu mwenyekiti amekwisha kusema, au kwa sababu mwenye mali ndiye aliyetoa pendekezo, au kwa sababu yeye ni mjane, ni kijana, ni mgeni wa kijiji. Ukichungulia dirishani hutaweza kuwatofautisha. Wote wameinamisha vichwa, wala hakuna asemaye. Lakini kwa matunda yake, kimya kimoja ni mbegu na kingine ni changarawe.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tunakutana na changarawe hiyo mara kwa mara. Mtu hutuletea shauri la kiwanja, au la michango, au la mtoto wa yatima aliyenyimwa nafasi. Tunamwuliza: "Je, kamati haikukaa?" Hutujibu: "Ilikaa." "Na wewe ulikuwapo?" "Nilikuwapo." "Ukasema nini?" Hapo huinamisha macho na kujibu: "Nilinyamaza." Katika muhtasari wa kikao, kunyamaza kwake kumeandikwa kwa maneno mawili: wajumbe walikubaliana.

Ili tujifunze kutofautisha kimya na kimya, tumeona vema kuwatazama ndugu zetu Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, ambao watu wengi huwaita Quaker. Hao wamekifanya kimya kuwa ibada yao na pia njia yao ya kuamua mambo kwa muda wa zaidi ya miaka 350. Hatuwaalikeni muache nyimbo zenu wala masakramenti yenu. Tunawaalika mtazame jinsi wenzetu walivyokitumia kimya vizuri, na jinsi ambavyo, kwa muda mrefu na kwa aibu, walikitumia vibaya.

MARAFIKI NI AKINA NANI

Jumuiya hiyo ilianza nchini Uingereza katikati ya karne ya 17, wakati nchi hiyo ilipokuwa imeraruliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. George Fox, mtoto wa mfumanguo, aliyezaliwa mwaka 1624, alizunguka akitafuta mtu wa kumtuliza moyo, asimpate miongoni mwa wenye elimu ya dini. Hatimaye alishawishika kwamba Kristo mwenyewe humfundisha mtu moyoni, bila kujali kama mtu huyo ni bwana au mtumishi, mwanamume au mwanamke. Mwaka 1652 alihubiri kaskazini magharibi mwa Uingereza, na nyumba ya Margaret Fell, iitwayo Swarthmoor Hall, ikawa makao ya jumuiya changa. Mama huyo hakuwa mpishi wa wageni tu. Mwaka 1666, akiwa gerezani, alichapisha kijitabu cha kuitetea haki ya wanawake kunena katika kusanyiko.

Jina la Quaker, lenye maana ya mtu atetemekaye, lilikuwa la kejeli. Wao wenyewe walijiita Marafiki, kwa kukumbuka jinsi Bwana alivyowaita wanafunzi wake katika Injili ya Yohana. Serikali iliwatesa. Sheria ya mwaka 1664 ilipiga marufuku watu zaidi ya watano, mbali na wenye nyumba, kukusanyika kwa ibada isiyokuwa ya Kanisa la taifa. Mwaka 1682, katika mji wa Bristol, watu wazima walipokuwa wamejaa magerezani, watoto ndio walioendelea kukutana na kukaa kimya, ingawa walipigwa kwa ajili hiyo. Tangu miaka ya 1670 Marafiki walikuwa na mkutano maalumu jijini London wa kuandika mateso ya kila mmoja wao na kuyapeleka mbele ya wenye mamlaka. Walielewa mapema kwamba dhuluma isiyoandikwa husahauliwa upesi.

Jambo moja la karibu nasi lazima tulitaje. Mwaka 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wakaanzisha misheni. Leo nchi ya Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Lakini aingiaye katika makanisa yao mengi siku ya Jumapili atakuta kwaya, mahubiri na mchungaji, kama ilivyo desturi katika makanisa mengine ya nchi hizi. Ibada ya kimya tunayoieleza hapa imehifadhiwa hasa Uingereza na katika sehemu kadhaa za Marekani. Kwa hiyo, msomaji mwenye jirani wa Kanisa la Marafiki asishangae akiambiwa kwamba ibada yao ina ngoma na vigelegele.

SAA MOJA YA KIMYA

Hebu tuingie katika nyumba ya mkutano ya Marafiki wa kimya. Nje ni nyumba ya kawaida. Ndani hamna madhabahu wala mimbari. Mabenchi au viti vimepangwa kwa mzunguko au kwa mraba, watu wakitazamana, na katikati mara nyingi huwa na meza ndogo yenye maua na Biblia. Hakuna kengele. Ibada huanza pale mtu wa kwanza anapoketi na kunyamaza. Wanaofuata huingia polepole, kila mmoja akijiunga na kimya alichokikuta, kama mtu ajiungaye na wenzake kulibeba jeneza.

Hukaa hivyo kwa muda wa saa moja hivi. Hakuna aliyepangiwa kuhubiri, wala hakuna aliyekatazwa. Yeyote anayehisi kwamba amepewa neno kwa ajili ya wote husimama, hulisema kwa ufupi, akaketi. Hakuna amjibuye, wala amsifuye. Kimya hurudi, na neno lile hupewa muda wa kuzama kabla ya mwingine kusimama. Zipo Jumapili ambazo hakuna asemaye hata neno moja, na watu hurudi nyumbani wakiwa wameshiba.

Kabla ya kusimama, mtu hufundishwa kujihoji. Neno hili limetoka kwangu, au nimepewa? Limekusudiwa moyo wangu peke yangu, au jamaa yote? Je, wakati wake ni sasa? Ajuaye kusema sana huhimizwa kujizuia, na mwoga huhimizwa asilizime neno alilopewa. Angalieni vizuri hapo, ndugu zetu. Kimya hicho hakikuwekwa ili wanyonge wanyamaze. Kimewekwa ili wenye sauti kubwa wapumzike na wenye sauti ndogo wasikike.

Wapo wanaodhani kwamba huko ni kukaa tu, kila mtu na mawazo yake. Marafiki wenyewe hukanusha. Wanasema kwamba zipo siku ambapo kimya huwa kizito na hai, watu wote wakajiona wamekusanywa kuwa kitu kimoja. Sisi tunaosoma habari za nabii Eliya pale Horebu, jinsi Bwana alivyopita asiwemo katika upepo, wala katika tetemeko, wala katika moto, hatupaswi kulishangaa jambo hilo.

Mwisho wa ibada ni mfupi. Wazee wawili waliopewa jukumu hilo hushikana mikono, kisha kila mmoja humshika mkono jirani yake. Hufuata matangazo: nani anaumwa, nani amefiwa, nani anahitaji msaada. Baadaye hunywa chai.

KUAMUA BILA KUPIGA KURA

Jumuiya haiishi kwa sala peke yake. Paa huvuja, fedha hupungua, watu hukosana. Kwa mambo hayo Marafiki wana mkutano wa shughuli, ambao kwa desturi ya zamani hufanyika kila mwezi. Nao huanza na kuisha kwa kimya, kwa kuwa kwao kujadili bei ya mabati ni sehemu ya ibada.

Sisi tumezoea kusema: wengi wape. Wao hawapigi kura kabisa. Husema kwamba kura huonyesha upande gani una watu wengi, lakini haionyeshi Mungu anataka nini. Mkutano huongozwa na karani. Huyo si mkubwa wao, naye hapaswi kuisukuma hoja yake mwenyewe. Kazi yake ni kusikiliza. Wajumbe husema mmoja mmoja, pasipo kurudiarudia, na baina ya msemaji na msemaji huachwa nafasi ya kimya. Karani anapoona kwamba nia ya mkutano imejitokeza, huiandika palepale, akaisoma kwa sauti mbele ya wote. Ikiwa haikuandikwa sawasawa husahihishwa papo hapo, mpaka wote waikubali. Hakuna muhtasari unaokwenda kuandikwa nyumbani na kurudi mwezi ujao ukiwa na maneno ambayo hakuna aliyeyasikia.

Ikiwa umoja haukupatikana, jambo huahirishwa. Asiyekubaliana anaweza kusimama kando, yaani kusema kwamba yeye haoni hivyo lakini hatawazuia wenzake, au anaweza kuwaomba wasubiri. Hata mtu mmoja, akiwa na sababu nzito ya dhamiri, husikilizwa.

Utaratibu huohuo wa kusikiliza unatumika katika maisha ya kila siku. Wanaotaka kufunga ndoa, au mtu anayetaka kuingia katika kazi ngumu kwa ajili ya dhamiri yake, huweza kuomba wenzake wachache wakae naye. Hao hawampi mawaidha. Humwuliza maswali ya kweli na kusubiri, mpaka yeye mwenyewe aione njia. Siku ya arusi bwana na bibi husimama katikati ya kimya na kuahidiana wenyewe, na wote waliohudhuria, hata watoto, hutia sahihi katika cheti. Maana yake ni kwamba kila aliyeshuhudia amechukua sehemu ya mzigo wa kuilinda ndoa ile.

Tungeishia hapa, mngerudi nyumbani mkidhani kwamba tumepata dawa ya kila ugonjwa. Lakini Tume ya Haki na Amani haiwezi kuwaficha ukurasa unaofuata.

KARATASI YA MWAKA 1688

Mwezi wa Aprili 1688, huko Germantown, karibu na Philadelphia katika Marekani ya wakati ule, watu wanne wa jumuiya hiyo walikaa wakaandika karatasi. Majina yao ni Francis Daniel Pastorius, Garret Hendericks, na Derick na Abraham op den Graeff, waliokuwa ndugu. Walikuwa wahamiaji wenye asili ya Kijerumani na Kiholanzi, na Kiingereza chao hakikuwa kizuri. Waliona Marafiki wenzao wakinunua na kuwamiliki watu weusi waliotekwa Afrika, nao wakauliza maswali mepesi. Je, yupo kati yetu ambaye angependa kutendewa hivyo? Ikiwa sisi tuliikimbia Ulaya kwa kuonewa kwa ajili ya imani, inakuwaje hapa tunawaonea wengine kwa ajili ya rangi? Na watu hawa wakisimama kuudai uhuru wao, haki yao ni ndogo kuliko haki tunayodai sisi ya kuwashika?

Karatasi ile ilipelekwa kwenye mkutano wa mwezi. Ukaona jambo ni zito mno kwake, ukaipeleka kwenye mkutano wa robo mwaka. Nao ukaona ni zito mno, ukaipeleka kwenye mkutano wa mwaka, uliofanyika Burlington mwezi wa Septemba. Huko waliamua kwamba haifai kutoa hukumu kuhusu jambo hilo. Hakuna aliyewatukana wale wanne, wala hakuna aliyewafukuza. Karatasi iliwekwa tu, ikasahauliwa, mpaka ilipogunduliwa tena mwaka 1844.

Ndugu zetu, hicho ndicho kimya cha woga kilichovaa mavazi ya ibada. Ndani ya mikutano ile walikuwamo wafanyabiashara na wenye mashamba waliomiliki watumwa, na wengine wao walikuwa watu wa heshima waliokalia mabenchi ya mbele. Bila umoja hakuna uamuzi, na umoja hauwezi kupatikana ikiwa wenye mali hawataki. Hivyo kanuni iliyowekwa ili kumlinda mnyonge ikawa ngao ya mwenye nguvu. Walisema: tusubiri Bwana atufungulie njia. Na waliposubiri wao, watumwa walilima.

Mwaka 1738 Benjamin Lay, mtu mfupi mwenye kibiongo, aliyewahi kuishi Barbados na kuuona ukatili wa utumwa kwa macho yake, alishindwa kuvumilia. Aliingia katika mkutano wa mwaka akiwa ameficha chini ya joho lake upanga na kitabu kilichochimbwa ndani, chenye kifuko cha maji mekundu ya matunda. Alisimama, akawakemea wamiliki wa watumwa, akakichoma kitabu kwa upanga, na maji yale mekundu yakawarukia waliokuwa karibu. Walimtoa nje, na jumuiya ikamkana.

Wa tatu alichukua njia nyingine. John Woolman alizaliwa mwaka 1720 katika jimbo la New Jersey. Akiwa kijana, karani wa duka, mwajiri wake alimwamuru aandike hati ya kumwuza mwanamke mweusi. Mnunuzi alikuwa mzee wa jumuiya yao wenyewe, naye alikuwa pale akisubiri. Woolman aliandika, lakini moyo ulimwuma, akawaambia wote wawili kwamba kumiliki watumwa hakupatani na imani ya Kikristo. Tangu hapo alikataa kuandika hati za namna hiyo, na alikataa kuandika wosia wa kurithisha watu kama ng'ombe. Alisafiri kwa Marafiki wenye watumwa, akakaa nao na kuzungumza nao kwa upole, nyumba kwa nyumba. Na alipolala katika nyumba iliyohudumiwa na watumwa, aliacha fedha kwa ajili yao, ili asile jasho la mtu bure.

Mwaka 1758, katika mkutano wa mwaka wa Philadelphia, jambo hilo lilizuka tena. Kulikuwa na wale waliosema, kama siku zote, kwamba tusubiri. Woolman, aliyekuwa amenyamaza kwa muda mrefu, alisimama. Alisema, kwa maana hiyo, kwamba kilio cha watu wale kimekwisha kumfikia Mungu, na kwamba kuchelewa kwa kuogopa kuwaudhi marafiki na kupoteza faida ni kujiletea hukumu. Kimya kilichofuata hakikuwa tena cha woga. Mkutano uliamua kuwazuia wanaonunua au kuuza watumwa wasishiriki katika shughuli za jumuiya, na kuwatuma watu, Woolman akiwa mmojawapo, wawatembelee wamiliki wote. Benjamin Lay alizipata habari hizo akiwa mzee, akamshukuru Mungu, akafa mwaka uliofuata. Woolman alifariki huko York, Uingereza, mwaka 1772. Mwaka 1776 mkutano ule wa Philadelphia uliamua kwamba atakayeng'ang'ania kumiliki mtumwa hatahesabiwa tena kuwa mwanachama. Tangu karatasi ya Germantown ilikuwa imepita miaka 88.

Wala hapo habari haikuisha. Katika karne ya 19, Grace Douglass na binti yake Sarah, watu weusi wa Philadelphia, walihudhuria ibada ya kimya kwa miaka mingi. Katika nyumba ya mkutano palikuwa na benchi lililotengwa kwa watu weusi, na Sarah, aliyekuwa mwalimu, alieleza jinsi alivyosikia tangu utoto wake watu wakiambiwa wasikae pale. Walikuwa wametoa uamuzi juu ya utumwa, lakini hawakuwa wameamua kukaa benchi moja. Amri ya mkutano huweza kutoka kwa siku moja. Moyo wa kusogea na kumpa mtu nafasi huchukua muda mrefu zaidi.

TUJIFUNZE NINI

Tunaweza kuuliza: ni wapi hasa walipokosea, watu hao waliosali kwa unyofu namna ile? Jibu letu ni hili. Kwa miaka 88 walijadili habari za watu ambao hawakuwamo chumbani. Walisikilizana wao kwa wao kwa uvumilivu mkubwa. Walimsubiri Roho. Lakini yule mwanamke aliyeandikiwa hati ya kuuzwa hakuwa na benchi, na sauti yake ilifika tu pale Woolman alipokubali kuubeba uchungu wake. Kimya cha kusikiliza kinageuka kuwa kimya cha woga pale tunapoacha kuuliza: ni nani asiyekuwapo hapa?

Kwa hiyo, tukichukua yaliyo mema ya ndugu zetu na kuonywa na makosa yao, tunapendekeza mambo matano kwa halmashauri na jumuiya zetu.

Kwanza, pendekezo zito likishasomwa, kikao kikae kimya dakika tano kabla ya mtu yeyote kusema. Mtaona kwamba mara nyingi atakayesema wa kwanza baada ya hapo siye yule mliyemzoea.

Pili, mwenyekiti na watu wenye mali au cheo waseme mwisho. Mkubwa akitangulia, wengine hubaki kuitikia tu.

Tatu, uamuzi uandikwe na usomwe palepale, kabla kikao hakijafungwa kwa sala. Neno "walikubaliana" lisiandikwe ila pale ambapo watu wameulizwa na wamekubali kweli. Na asiyekubali aandikwe, bila kuchekwa wala kuitwa mpinzani wa parokia.

Nne, jambo linalomhusu mtu lisiamuliwe yeye asipokuwapo. Ikiwa ni shamba la mjane, mjane aitwe. Ikiwa ni ada za vijana, vijana waitwe. Ikiwa hawezi kuja, wawili waende kwake, wamsikilize, warudi na maneno yake kama alivyoyasema.

Tano, jambo likiahirishwa, itajwe siku ya kulirudia, na iulizwe waziwazi: wakati sisi tunasubiri, ni nani anayeumia? Kusubiri ni fadhila kwa yule anayelipa gharama ya kusubiri kwake mwenyewe. Tunapomlipisha mwingine gharama hiyo, tunakuwa tumemdhulumu.

Hatudai kwamba hayo ni mepesi. Sisi wenyewe wa Tume tumekaa katika vikao tukanyamaza pale tulipopaswa kusema, na tumesema sana pale tulipopaswa kusikiliza. Ndiyo sababu tumezungumza kwa neno "sisi" na si "ninyi".

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mkutano wetu wa mwisho, ni nani hakusema hata neno moja? Tunajua kwa nini?

2. Je, lipo benchi lililotengwa katika kanisa letu, hata kama hakuna aliyeliandika? Wanakaa akina nani?

3. Kuna "karatasi ya Germantown" kwetu, yaani lalamiko lililopelekwa kwenye kikao baada ya kikao mpaka likasahauliwa? Aliyeliandika yu wapi sasa, na nani atakwenda kumwona?

4. Kati ya njia ya Lay, aliyewashtua watu, na njia ya Woolman, aliyewatembelea, ipi inahitajika zaidi hapa petu, na kwa jambo gani?

Kabla ya kuanza kuyajibu, wapendwa, tunawaomba mkae kimya kwa dakika tano. Kisha aanze kusema yule ambaye bado hajasema.